Dian Fossey: aliyefeli kemia chuoni akawa mlinzi wa sokwe wa milimani

Kabla ya jina lake kujulikana Rwanda, Dian Fossey alianza kazi yake huku kwetu Kongo, kwenye mteremko wa mlima Mikeno, Januari 1967. Wakati huo hakuwa na diploma yoyote ya elimu ya wanyama. Alipouawa ndani ya nyumba yake msituni, Desemba 1985, alikuwa na udaktari wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, na dunia ilikuwa imewafahamu sokwe wa milimani, ambao wakaaji wa kandokando ya volkano wanawaita ngagi, kuliko wakati mwingine wowote.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna maisha ya mwanamke aliyesoma akiwa amechelewa, aliyefukuzwa na vita, aliyejipatia maadui wengi, na ambaye makosa yake na mafanikio yake yanafundishwa leo kwa vijana wanaosomea ulinzi wa viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Vijana wa Kivu wamo kati yao.

Chuo cha kwanza kilimshinda

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 mjini San Francisco, Marekani. Wazazi wake walitengana akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake akaolewa tena, na baba wa kambo alikuwa mtu wa masharti makali: mtoto hakuruhusiwa kula meza moja na watu wazima mpaka alipofikisha miaka kumi. Faraja yake ilikuwa wanyama, hasa farasi, ambao alijifunza kuwapanda akiwa na miaka sita.

Alipomaliza shule ya sekondari, familia ilitaka asome biashara. Alijaribu, akaacha. Akaingia chuo kikuu cha California, huko Davis, ili awe daktari wa mifugo. Biolojia haikumsumbua, lakini kemia na fizikia zilimshinda, akafeli mwaka wa pili. Akahamia chuo cha San Jose, akasomea kazi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu wajifunze tena kutumia mikono na miili yao katika shughuli za kila siku. Mwaka 1954 akapata shahada yake ya kwanza.

Akaajiriwa katika hospitali ya watoto walemavu mjini Louisville, jimbo la Kentucky, akawa mkuu wa idara yake. Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Mtoto aliyeumia au kuogopa hashikwi kwa nguvu. Unakaa karibu naye, unangoja, mpaka yeye mwenyewe akukubali. Miaka kumi baadaye, msituni, uvumilivu huo ulimfaa kuliko kemia.

Deni la dola 8.000

Mwaka 1963 Fossey alikopa karibu dola 8.000 na kuongeza akiba yake yote, ili aione Afrika. Alisafiri wiki saba. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na mtaalamu wa mabaki ya kale Louis Leakey, akateleza kwenye mashimo ya uchimbaji na kuumia kifundo cha mguu. Hakurudi nyumbani. Aliendelea na safari huku mguu umevimba, akapanda mpaka Kabara, katika mbuga ambayo leo tunaiita Virunga. Hapo wapiga picha wawili kutoka Kenya, Alan Root na mkewe Joan, walimwonyesha sokwe wa milimani kwa mara ya kwanza.

Alirudi Louisville kulipa deni. Mwaka 1966 Leakey alipita mji huo akitoa mhadhara. Fossey akamfuata akiwa na makala alizoandika kuhusu safari yake. Leakey alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na sokwe kwa miaka mingi, jinsi alivyokuwa amemtuma Jane Goodall mwaka 1960 kwa sokwe mtu wa Gombe, kando ya Tanganyika, ziwa letu sote. Hakujali diploma. Aliamini kwamba mtu asiye na mafunzo mengi huangalia kwa macho mapya. Kisha akamwambia atolewe kidole tumbo kabla ya kwenda mahali pasipo na daktari. Fossey alifanyiwa upasuaji. Baadaye Leakey akamwandikia kwamba hilo halikuwa lazima, alitaka tu kujua kama ana nia ya kweli.

Kabara: shule ya kwanza ya msitu

Kabara iko kwenye mita zaidi ya 3.000, chini ya kilele cha Mikeno, wilayani Rutshuru. Ni mahali penye historia. Hapo ndipo alipozikwa Mmarekani Carl Akeley, aliyefariki Novemba 1926 akiwa kazini, baada ya kumshawishi mfalme Albert wa Ubelgiji kuwalinda sokwe hao. Mbuga ya Albert, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ilianzishwa mwaka 1925. Leo ndiyo Virunga. Hapo pia, mwaka 1959 na 1960, ndipo mtafiti George Schaller alipoishi na kukadiria kwamba sokwe wa milima ya Virunga walikuwa kati ya 400 na 500.

Fossey alifika na hema, gari kuukuu la Land Rover aliloliita Lily, na maneno ya Kiswahili aliyokariri kwa mwaka mzima. Alan Root alikaa naye siku mbili tu, akaondoka. Mfanyakazi mmoja Mkongomani akaja kumwuliza kama anataka maji moto. Fossey, mwenye hofu ya kubaki peke yake, alisahau kila neno, akadhani anatishwa, akalia na kujifungia ndani ya hema. Saa moja baadaye alitoka kwa aibu, akaomba swali lirudiwe polepole.

Na hata kufuata nyayo hakujua. Alipoachiwa aongoze njia mara ya kwanza, alifuata alama za sokwe kuelekea walikotoka badala ya walikokwenda. Alan Root alimwacha atembee kidogo kabla ya kumrekebisha. Mwalimu wake wa kweli alikuwa Sanwekwe, mfuatiliaji Mkongomani aliyekuwa amefanya kazi na Schaller. Ndiye aliyemfundisha kusoma majani yaliyovunjika, kinyesi kipya au cha zamani, harufu ya dume, na viota vya usiku vinavyohesabiwa asubuhi ili kujua kundi lina watu wazima wangapi na watoto wangapi. Mambo haya yamo leo katika vitabu vya chuo kikuu. Fossey aliyapata kwa mtu ambaye jina lake si wengi wanalijua nje ya Rutshuru.

Kazi ilidumu miezi sita tu. Mwanzoni mwa Julai 1967 mamluki wa kizungu na wanajeshi waasi walianzisha vita Kisangani na Bukavu dhidi ya serikali ya Mobutu. Tarehe 9 Julai Fossey alirudi kambini akawakuta wanajeshi wenye silaha. Walimteremsha hadi Rumangabo, akazuiliwa huko wiki mbili. Alitoroka kwa hila: aliwaahidi askari pesa, akisema ziko ng'ambo ya mpaka na kwamba lazima akaandikishe gari lake. Walimsindikiza mpaka Kisoro, Uganda. Huko, kwenye hoteli ya mzee Walter Baumgärtel, aliomba msaada, na askari wa Uganda wakawakamata waliomleta. Aliambiwa asirudi tena Kongo.

Karisoke na kazi ya kuzoeana

Tarehe 24 Septemba 1967 alipiga hema upande wa pili wa milima hiyohiyo, nchini Rwanda, kati ya Karisimbi na Visoke. Aliunganisha majina ya volkano hizo mbili akapata Karisoke. Mama mmoja Mbelgiji, Alyette DeMunck, alimsaidia kupachagua mahali hapo, ingawa majuma machache kabla mwanawe na mpwa wake walikuwa wameuawa Kongo katika vita hivyohivyo.

Njia yake ya kazi ilikuwa mpya. Schaller alikaa mbali na kuangalia. Fossey alitaka akubaliwe. Alitembea kwa magoti na ngumi, akatafuna mimea waliyokula, akajikuna jinsi walivyojikuna, akaiga sauti nzito ya koo wanayotoa wakiwa wametulia na kushiba. Hakuwatazama machoni. Kila mmoja alimpa jina, na aliwatofautisha kwa mikunjo ya pua, ambayo haifanani kwa sokwe wawili, kama alama za vidole vyetu. Mwaka 1970 dume kijana aitwaye Peanuts alinyoosha mkono na kugusa wake. Picha za Bob Campbell zilizotoka katika jarida la National Geographic zikaubadilisha mtazamo wa watu waliokuwa wamezoea filamu za sokwe mla watu.

Kurudi darasani

Wengine wangeridhika na umaarufu huo. Lakini watu waliotoa pesa, na wanasayansi waliopitia ripoti zake, walitaka ushahidi unaopimika. Bila diploma, maneno yake yangebaki hadithi za mwanamke anayependa wanyama. Kwa hiyo mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 38, Fossey alijiandikisha Cambridge, katika chuo cha Darwin, chini ya profesa Robert Hinde, yuleyule aliyemwongoza Jane Goodall.

Hakupenda kukaa mjini. Kwa miaka kadhaa alikuwa anakwenda Cambridge miezi michache na kurudi msituni. Huko alijifunza kugeuza daftari zake za kila siku kuwa majedwali: nani amekaa karibu na nani, kwa dakika ngapi, nani amehama kundi, jike amezaa baada ya miaka mingapi. Katikati ya miaka ya 1970 alipata udaktari wake, kwa tasnifu kuhusu tabia ya sokwe wa milimani.

Na majedwali hayo yalieleza jambo zito. Jike wa sokwe wa milimani huanza kuzaa akiwa na miaka kama kumi. Huzaa mtoto mmoja, na hungoja karibu miaka minne kabla ya mwingine. Kundi hushikwa na dume mkubwa mwenye mgongo wa fedha. Dume huyo akiuawa, majike hutawanyika, na madume wanaowachukua mara nyingi huwaua watoto wachanga wa baba mwingine. Kwa hiyo mwindaji anayemuua dume mmoja hajapunguza hesabu kwa mmoja. Ameivunja familia, na pengo lake linaweza kuchukua miaka mingi kuzibwa. Kwa mnyama aliyebaki na mia chache tu, hesabu hiyo ndiyo tofauti kati ya kuishi na kutoweka.

Digit

Hatari zilikuwa nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Rwanda ilikata hekta 10.000 za mbuga yake, karibu asilimia 40, ili kulima pareto kwa msaada wa Wazungu. Ng'ombe walichungwa ndani. Mitego ya kamba na waya iliyotegwa kwa ajili ya mbogo na swala iliwakata sokwe mikono na miguu. Na mwaka 1969 Fossey aliwapokea watoto wawili wagonjwa, Coco na Pucker, waliokamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Ili kumpata mtoto mmoja, wakamataji huwaua wakubwa wanaomtetea. Aliwatibu wakapona, kisha wakachukuliwa Ulaya. Wote wawili walikufa mwaka 1978.

Kabla ya mwaka huo kuanza, tarehe 31 Desemba 1977, majangili walimuua Digit, dume aliyemzoea Fossey tangu utotoni. Alikuwa amebaki nyuma akilinda kundi lake lipate kukimbia. Walimkata kichwa na mikono. Julai 1978 walimuua Uncle Bert, kiongozi wa kundi hilohilo, pamoja na jike Macho. Mtoto wao Kweli alijeruhiwa kwa risasi, akafa miezi mitatu baadaye. Yale aliyoyaandika kwenye tasnifu yakatokea mbele ya macho yake: kundi lilivunjika.

Fossey alianzisha mfuko wa pesa uliopewa jina la Digit, akawalipa wenyeji kufanya doria na kung'oa mitego. Hapo pia ndipo jina lake lilipochafuka. Aliwakamata watu mwenyewe, akawapiga, akachoma mali zao, akavaa vinyago ili waogope uchawi wake. Aliwafukuza wachungaji na ng'ombe wao. Watu wa vijijini, ambao hawakuwa na mashamba ya kutosha, walimwona mzungu anayethamini mnyama kuliko mtoto wao mwenye njaa. Lawama hiyo bado inasikika, na si bure: watu maskini waliadhibiwa na mtu asiye na cheo cha sheria katika nchi isiyo yake.

Watafiti vijana waliopitia Karisoke waligawanyika naye. Mwaka 1979 baadhi yao walianzisha mradi mwingine wenye mambo matatu: walinzi wenye vifaa, mafunzo kwa wanakijiji, na utalii unaoleta pesa. Fossey alipinga utalii kwa nguvu. Aliogopa magonjwa ya binadamu yanayoambukiza sokwe, na aliona pesa zitaishia mifukoni mwa wakubwa. Kuhusu magonjwa alikuwa na haki. Ndiyo sababu wageni leo huvaa barakoa na kukaa mbali mita kadhaa. Kuhusu pesa, wakati umewapa haki zaidi wapinzani wake.

Mwalimu, kisha mauti

Mwaka 1980, akiwa na afya mbaya ya mapafu, alikwenda chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Yule aliyefeli mwaka wa pili akawa mwalimu wa wanafunzi wa chuo kikuu. Huko alimalizia kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka 1983, akarudi Karisoke mwaka huohuo.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 1985 aliuawa kwa panga chumbani mwake. Alikuwa na miaka 53. Pesa na vitu vya thamani havikuibiwa. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mtafiti Mmarekani ambaye alikuwa ameshaondoka nchini na ambaye amekana siku zote. Mfuatiliaji wa zamani aliyekamatwa alikutwa amekufa gerezani. Waliomfahamu wengi hawakuamini hukumu hiyo, na hadi leo hakuna jibu linalokubaliwa na wote. Alizikwa tarehe 31 Desemba, miaka minane kamili baada ya kifo cha Digit, kando ya kaburi la sokwe huyo.

Mwaka huohuo wa 1985, huko Marekani, wanasayansi waliunda chama cha biolojia ya uhifadhi, elimu inayochanganya hesabu za uzazi, misitu, magonjwa, sheria na maisha ya watu wanaoishi karibu na wanyama. Vyuo vikuu vikaanza kuifundisha kama somo kamili. Fossey hakusoma somo hilo kwa sababu halikuwepo, lakini maisha yake yamekuwa mfano unaojadiliwa darasani, kwa mema na kwa mabaya.

Hesabu ya leo

Alipokuwa hai, sokwe wa milima ya Virunga walishuka hadi karibu 250 mwaka 1981. Hesabu ya 2015 na 2016, iliyofanywa na Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, iliwakuta 604. Ukiongeza wale wa Bwindi, Uganda, idadi ilipita 1.000, na mwaka 2018 sokwe wa milimani waliondolewa katika daraja la hatari kubwa kabisa. Utafiti wa mwaka 2011 uliangalia makundi ya Virunga kwa miaka arobaini: makundi yaliyozoea watu, yenye walinzi kila siku na daktari wa mifugo, yaliongezeka kwa asilimia 4 kwa mwaka, yale yaliyoachwa yenyewe yalipungua. Daktari wa kwanza wa sokwe hao alifika mwaka 1986, kufuatia ombi la Fossey. Yeye hakuwahi kumwona.

Kwa upande wetu gharama imelipwa kwa damu. Julai 2007 sokwe kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi Virunga, na walinzi wa ICCN waliouawa katika mbuga hiyo wamepita 200. Yatima wa sokwe wanalelewa na Wakongomani katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, palepale Fossey alipozuiliwa.

Mfuko wa Digit leo una jina lake, na unafanya kazi pia Nkuba, wilayani Walikale, kumlinda sokwe wa Grauer, ambaye haishi popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Huko Kasugho, wilayani Lubero, watu wa Tayna walitoa msitu wao wenyewe kuwa hifadhi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa mfuko huo na wengine, kikaanzishwa chuo kikuu cha uhifadhi wa mazingira. Watoto wa vijijini wanasomea hapo yale ambayo Fossey aliyatafuta Cambridge: kuhesabu viota, kupima msitu, kusimamia hifadhi. Wana pia somo ambalo yeye hakulijali vya kutosha, la kukaa chini na machifu, wakulima na wawindaji kabla ya kuweka mpaka.

Vita vimewasumbua mara nyingi, na kazi kwa wanaomaliza masomo ni chache. Lakini Nkuba na Rumangabo, wanaoingia msituni asubuhi kufuata nyayo ni Wakongomani, na ujuzi huo wa Sanwekwe sasa wanauandika wenyewe katika daftari na ripoti zao.